Dai Lisilokanushika katika Uhakiki wa Ushairi wa Kiswahili

Dai lisilokanushika ni lile ambalo hakuna ushahidi wowote, hata wa kufikirika, ambao mwenye dai angekubali kuwa umelibatilisha. Karl Popper, katika kitabu chake cha Kijerumani cha mwaka 1934, aliufanya uwezekano wa kukanushwa kuwa mpaka kati ya sayansi na yasiyokuwa sayansi. Baadaye alitoa mfano wa mtu anayemsukuma mtoto majini ili azame, na mwingine anayejitosa kumwokoa: nadharia za Freud na Adler huwaeleza wote wawili kwa wepesi ule ule. Wafuasi waliona hapo nguvu ya nadharia hizo; Popper aliona udhaifu.

Mgogoro wa ushairi wa Kiswahili unafaa kusomwa kwa jicho hilo. Wanamapokeo walidai kuwa tangu jadi shairi la Kiswahili lina vina na mizani. Hilo ni dai la kihistoria, na lingeweza kupimwa. Lakini Kichomi cha Kezilahabi kilipotoka mwaka 1974, jibu la baadhi yao lilikuwa kwamba yale si mashairi. Kwa nini? Kwa kuwa hayana vina na mizani! Zikitajwa nyimbo za jadi zisizofuata arudhi, nazo huambiwa ni nyimbo tu. Hapo maelezo ya historia yamegeuka kimyakimya kuwa fasili, na fasili haishindwi na ushahidi.

Upande wa pili nao si safi. Uhakiki wa kitabaka uliotamba miaka ya 1970 na 1980 mara nyingi ulikuwa na mlango wa nyuma uo huo. Mtunzi akilishambulia tabaka tawala, tabaka lake limesema. Akilisifu, amelevywa na itikadi ya mabwana. Akiandika juu ya mahaba, kimya chake ndicho ushahidi. Aliyeamini kwamba umbo kongwe hubeba fikra kongwe alipaswa kuihesabu Sauti ya Dhiki (1973), aliyoitunga Abdilatif Abdalla kifungoni, kuwa hoja dhidi yake: ni upinzani wa kisiasa ndani ya arudhi kamili.

Hata hivyo, Popper asigeuzwe fimbo. Hakusema kwamba kisichokanushika ni upuuzi. Mpaka wake ulikuwa wa sayansi, si wa maana. Rai kwamba arudhi ilindwe kwa kuwa sikio la Mswahili limelelewa nayo ina heshima yake, mradi ijadiliwe kama rai. Mwanafunzi anayenyimwa alama kwa kuuita shairi utungo usio na vina ana haki ya kuuliza ni utungo gani, kama upo, ambao ungemfanya mtahini wake abadili kauli.