Igizo Lililomsahau Anayetoa

Wengi wetu tuliliona lile igizo la vijana hapa Nyarugusu. Mama mmoja anagawa unga wake kwa kila anayepiga hodi, mpaka ndoo inabaki tupu. Jirani yake anafunga mlango, watu wanamzomea. Mwishoni waigizaji wote wanasema kwa sauti moja: kutoa ni moyo! Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Walicheza vizuri, hasa yule mama. Alivyokung'uta ile ndoo, hata watoto walinyamaza. Ila hadithi yenyewe imenikera. Imeishia pale unga ulipoisha. Kesho yake yule mama alikula nini? Na watoto wake je? Sisi tuliopunguziwa mgao mwaka 2023 tunajua swali hilo si la mchezo.

Nauliza kwa sababu yamenikuta. Nafanya kazi na vijana, nalipwa motisha. Kuna kijana alikuwa anakuja kwangu kila usiku kunieleza shida zake. Sikuwahi kumwambia hapana, hata siku moja. Usiku mmoja nimechoka, nikamfokea, nikafunga mlango. Hakurudi tena. Ningemwambia mapema kwamba nachoka, labda angekuwa bado anakuja.

Ndugu zetu wa mashirika, jioni gari linawarudisha Kasulu. Geti la kambi ndilo mpaka wenu. Sisi tunalala katikati ya hao hao tunaowahudumia, hodi inapigwa saa yoyote. Kwetu mpaka lazima usemwe kwa mdomo, na kuusema kunaonekana roho mbaya.

Methali haina kosa. Yote inasema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Inamkumbusha mwenye kidogo kwamba naye anaweza kutoa. Haikuwekwa iwe fimbo ya kumchapa anayesema "leo sina". Igizo lilichukua nusu ya kwanza tu, likaigeuza fimbo.

Ombi langu kwa kundi: mkilirudia, ongezeni mtu wa tatu. Asigawe vyote, wala asifunge mlango kimya kimya. Aseme, "Ndugu yangu, usiku huu siwezi. Njoo kesho saa nne, utanikuta." Halafu ifike saa nne, tumwone yupo kweli.

Siku hiyo nitakuja mapema nikae mbele. Na yule kijana, akikubali, nitamwomba tuje wote.