Kikombe Kinachotoa Amri

Mwanasesere wa Kijapani apelekaye chai huanza kazi kwa kukabidhiwa kikombe. Mwenyeji humkaza kamani, humwelekeza kwa mgeni, kisha huweka kikombe juu ya kisahani alichokishika mwanasesere. Uzito wa kikombe hushusha mikono, mikono hufungua kizuizi tumboni, na mtoto huyo wa mbao huanza kwenda huku akitikisa kichwa. Mgeni akichukua kikombe, mikono hunyanyuka naye husimama tuli. Kikirudishwa, huendelea, hugeuka, akarudi alikotoka. Mzigo wenyewe ndio unaomwamuru mbebaji! Sijaona wazo safi kuliko hilo katika vitu vyote vya kuchezea.

Tumboni mwake mna saa. Saa za magurudumu zilifika Japani pamoja na wamisionari wa Ulaya katika karne ya 16, na mafundi wa huko wakazisoma mpaka wakazimiliki. Kwa kamani walitumia vibao vinyumbufu vinavyoota kinywani mwa nyangumi wasio na meno. Kibao kilichokunjwa hutaka kujikunjua kwa pupa, kwa hiyo kuna kidude kinachoyumba huku na huku, kikiruhusu gurudumu lipite jino moja baada ya jingine. Ndiyo maana mwendo wake una adabu.

Magurudumu yenyewe ni ya mbao, na hapa seremala yeyote atatega sikio. Jino lililochongwa kukata nyuzi za mbao humeguka upesi. Basi fundi huunganisha vipande vyenye umbo la kabari, nyuzi zote zikielekea nje, ili kila jino liwe na nguvu sawa. Kazi yote hiyo hufunikwa na kimono. Miguu, ambayo mgeni huiona, haibebi chochote: huchezacheza tu huku magurudumu yaliyofichwa yakimsogeza.

Mwaka 1796 Hosokawa Hanzo Yorinao alichapisha Karakuri Zui, kitabu kinachoeleza kwa michoro na vipimo saa za aina 4 na wanasesere 9, huyu akiwamo. Namheshimu sana kwa ukarimu huo, maana siri ya namna hiyo ingeweza kumlisha fundi maisha yake yote. Katika karne ya 20 wachongaji walikifungua kitabu hicho, wakafuata maelezo yake, na mwanasesere akatembea tena. Huko Nagoya, ukoo unaorithishana jina la Tamaya Shobei umefika kizazi cha tisa, na bado unachonga.