Ugeni, Posa na Kiti Kibovu: Kuisoma Upya Ngaahika Ndeenda

Imekuwa ada ya wahakiki kuizungumza tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, iliyotungwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, kana kwamba ni hati ya mashtaka tu. Hutajwa leseni iliyofutwa na mwandishi aliyetiwa kizuizini. Kisha hutajwa matabaka. Na baada ya hapo mhakiki hufunga daftari lake. Hayo yote ni kweli, wala hatuna haja ya kuyapunguza. Lakini mtu atakayeisoma tamthilia yenyewe pasipo haraka atashangaa kuona jinsi sehemu kubwa yake ilivyo habari ya watu wanaomenya viazi, wanaochambua mchele, na wanaokarabati kiti ili mgeni asije akaanguka nacho. Tunadai katika makala haya kwamba shughuli hizo ndogo si pambo la mandhari. Humo ndimo Kĩgũũnda anamopoteza shamba lake, muda mrefu kabla ya benki kulitia mkononi.

Yafaa kwanza tukumbuke mahali palipozaliwa kazi hii. Kamĩrĩĩthũ ni kijiji cha Limuru, mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka Nairobi, na kilianza kama mojawapo ya vijiji ambamo watu walikusanywa kwa nguvu wakati wa Hali ya Hatari katika miaka ya 1950. Si shamba kamili, si mji kamili. Baba aweza kuwa kibarua katika shamba la mwingine, jirani yake akawa mfanyakazi wa kiwanda cha viatu, na mke wa huyo akawa analima kipande cha ardhi nyuma ya nyumba. Watu wa namna hiyo huonana kila siku, huazimana chumvi na majembe, tena hujuana madeni. Tamthilia imewaweka wote wawili: Kĩgũũnda ni kibarua wa shambani, na jirani yake Gĩcaamba ni mfanyakazi wa kiwandani. Wake zao, Wangeci na Njooki, ndio wanaoishikilia hasa kamba ya ujirani.

Tazama basi tamthilia inavyofunguka. Nyumba ni ya chumba kimoja, kuta zake za udongo. Ukutani imehifadhiwa hati ya ardhi ya ekari moja na nusu. Kĩgũũnda anatengeneza kiti kilichovunjika mguu; Wangeci yumo katika mapishi; binti yao Gathoni yupo pale pale, maana hakuna chumba kingine cha kwenda. Wanangoja ugeni. Ahab Kĩoi wa Kanoru, tajiri mwenye shamba ambako Kĩgũũnda ameajiriwa, ametuma habari kwamba atakuja na mkewe Jezebel. Kwa nini tajiri amtembelee kibarua wake? Swali hili halijibiwi, na katika kutojibiwa kwake ndimo mchezo mzima umeegemea.

Kila aliyewahi kukaa katika kikao cha posa, kwa Wagikuyu au kwa Waswahili, anajua kwamba neno la safari halitamkwi mlangoni. Wageni hukaribishwa, huulizwa habari za mvua na za watoto, hupewa chakula, na ni baada ya hapo mzee mmoja hukohoa na kuanza kuzunguka mbali. Kusema wazi mapema ni ukosefu wa adabu. Sasa mzee mwenye mali anapokuja na mkewe nyumbani kwa watu wenye binti aliyekwisha pevuka, na inajulikana kwamba mwanawe John Mũhũũni amekuwa akionekana na binti huyo, wenyeji watausomaje ugeni huo? Wataufasiri kwa sarufi waliyolelewa nayo. Wangeci anaufasiri hivyo, na anampendezesha mumewe kwa tafsiri hiyo. Hatuwezi kumlaumu kwa tamaa pekee, ijapokuwa wapo wahakiki waliomlaumu kwa wepesi. Yeye amesoma dalili kama zilivyo katika utamaduni wake, na dalili zile kweli ni za posa.

Kosa liko upande wa pili. Kina Kĩoi wanazitumia adabu hizo hizo, ule ukimya na mzunguko wa maneno, kwa jambo lisilohusiana na adabu hizo. Wamekuja kuwashawishi Kĩgũũnda na Wangeci wafunge ndoa ya kanisani, kwa kuwa machoni pao watu hawa wanaishi katika dhambi, hata kama walioana zamani kwa taratibu zote za wazee wao. Tazama pia wanavyokaa na wanavyokula: wanakuja na sala yao katika nyumba ya mwenyewe, na mwenyeji anajikuta mgeni mbele ya chungu chake. Kĩgũũnda anapotambua kwamba hakuna posa, anawafukuza kwa panga. Watazamaji hucheka hapo, na wana haki. Hata hivyo kicheko hicho kinaficha jambo: kikao kimevunjika, lakini maana yake ya kwanza haikufutika vichwani mwa wenyeji. Baadaye wanajiaminisha kwamba ndoa ya kanisani ndiyo kizingiti cha kuvukwa ili John amwoe Gathoni. Kwa imani hiyo wanachukua mkopo, na hati ya ardhi inatoka ukutani kwenda kuwa dhamana. Ni posa ambayo haikuwahi kutamkwa ndiyo iliyouza shamba.

Hapa hatuna budi kuingia katika lugha, kwa sababu tamthilia hii inasomwa pia kwa Kiswahili, kwa jina la Nitaolewa Nikipenda. Chukua kitenzi cha anwani. Katika Kigikuyu mwanamke «hika», mwanamume «hikia». Mzizi ni mmoja, na kwa umbo, anayeolewa ndiye mwenye kitenzi kifupi, kisichonyambuliwa. Mwanamume ndiye anayeongezewa kiambishi. Kiswahili kimepanga kinyume: mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa, na umbo la kutendwa haliepukiki. Kiingereza nacho kimefuta tofauti yote kwa kitenzi kimoja kinachowafaa wote wawili. Kwa hiyo msomaji wa Kigikuyu anaisikia sauti ya mwanamke mtenda, anayesema juu ya jambo lake. Msomaji wa Kiswahili anasikia mtu anayetaka kuamua wakati wa kutendwa. Msomaji wa Kiingereza hajui hata ni mwanamke anayesema. Kumbuka tena kwamba maneno hayo ndani ya mchezo yanatoka katika wimbo wa mlevi, mwanamume anayepita njiani. Kejeli hiyo inabaki katika Kiswahili, na pengine inazidi kuuma, maana «nitaolewa» kinywani mwa mwanamume mlevi ni kinyume cha sarufi na cha desturi kwa pamoja. Katika Kiingereza imekufa. Hatusemi haya ili kumsifu mtafsiri wa lugha moja na kumshutumu wa lugha nyingine. Kila lugha ilikuja na mzigo wake.

Neno gumu zaidi ni «rũracio». Mtafsiri wa Kiswahili huwa na neno moja lililo karibu, nalo ni mahari. Lakini mahari katika Kiswahili cha pwani, kwa kufuata sheria ya Kiislamu, ni haki ya bibi arusi mwenyewe. Baba yake alikuwa na kilemba chake na mama yake mkaja wake, vitu vilivyotengwa na mahari. Rũracio ni jambo la koo mbili. Mbuzi na ng'ombe huja kwa jamaa ya binti, hawaishi kuja, na kwa kuendelea kuja huko ujamaa huwa haukatiki. Neno mahari likiwekwa bila ya uangalifu, msomaji wa Lamu au Mvita atadhani Wangeci anamhesabia bintiye haki yake, na msomaji wa Nairobi, ambaye amekwisha kulizoea neno kwa maana ya jumla, hatadhani chochote. Kumbe kinachosubiriwa katika nyumba ile ya udongo ni kwamba nyumba mbili, ya tajiri na ya kibarua wake, zitakuwa na uthoni baina yao, na hivyo zitaketi mkeka mmoja. Ukubwa wa ndoto hiyo ndio unaoeleza ukubwa wa deni.

Uthibitisho kwamba watungaji walijua uzito wa vikao hivi umo katika sehemu ya Gĩtiiro. Huo ni mtindo wa zamani wa kujibizana kwa nyimbo, ambamo wanawake hushindana kwa maneno, kudai na kudaiwa, na ndani ya mchezo umetumiwa kuonyesha ndoa ya kimila ilivyoendeshwa. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika Decolonising the Mind (1986) kwamba maneno na mpango wa sehemu hiyo vilitoka kwa mwanamke wa kijijini asiyejua kusoma. Wanakijiji wengine nao walisahihisha usemi wa wahusika mazoezini, kwa kuwa walijua mzee husemaje na kijana husemaje. Mazoezi yalifanyika hadharani, na yeyote aliyepita aliweza kusimama akatoa kasoro. Kwa maneno mengine, mchezo juu ya vikao ulitungwa kikaoni. Ulipofunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977, wengi wa watazamaji walikuwa wamekwisha kuujua, tena walikuja kuangalia kama masahihisho yao yamefuatwa. Leseni iliondolewa tarehe 16 Novemba mwaka huo huo; mwandishi akakamatwa tarehe 31 Desemba; na mwezi Machi 1982 jumba la wazi la wanakijiji likabomolewa.

Pamoja na sifa hizo, kuna mahali tunapotofautiana na wanaoisifu tamthilia kwa jumla. Gĩcaamba husema mno. Hoja zake juu ya kiwanda, mishahara na dini ni nzito, na hatuna ugomvi nazo; ugomvi wetu ni kwamba anapoanza kuzitoa, kikao hukoma kuwa kikao. Wenzake hugeuka wasikilizaji. Katika nyumba ya jirani hakuna mtu anayeachiwa kusema muda huo wote: mke angemwomba asogeze mguu apitishe sufuria, mtoto angelia, mwenzake angemkumbusha deni lake. Linganisha hotuba hizo na pale Kĩgũũnda na Wangeci wanapokumbuka mwomboko, ngoma ya kodiani ya ujana wao, wakainuka na kuicheza katikati ya vyombo. Hakuna anayetoa somo pale. Na bado tunapata kujua walivyokuwa kabla ya umaskini kuwakalia, na kwa nini nguo nyeupe za kanisani zitawavaa kama za kuazima.

Mwezi Mei 2022 tamthilia hii iliigizwa tena jijini Nairobi, katika ukumbi wa taifa, kwa Kigikuyu na kwa Kiingereza. Kiswahili hakikupata nafasi. Huenda ilikuwa sababu ya fedha na muda tu. Lakini sisi tunaofundisha katika idara za lugha tunayo sehemu yetu ya lawama, maana Nitaolewa Nikipenda tumeifanya kitabu cha kutafutia dhamira. Mwanafunzi huulizwa aeleze unyonyaji kwa mifano mitano, naye hueleza. Haulizwi kwa nini mwanamume anatengeneza kiti wakati mchezo unapoanza, ni nani atakayekikalia, wala Kiswahili cha kumkaribisha mgeni huyo kingekuwa kipi: cha pwani chenye shikamoo yake, au hiki cha bara ambacho hukaribisha kwa maneno machache na kikombe cha chai. Katika tendo la mwisho nyumba imejaa vitu vipya vya arusi, na ukutani pana ubao wa maneno ya Kikristo. Viti ni vizuri. Hati ya ardhi haipo tena.