Tusi Lisilo Tusi

Mwaka 1984, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilimpa mwanachuo mmoja adhabu ya kufyeka majani siku tatu kwa sababu ya neno "crivens". Chaki ilimkatikia mkononi katika mazoezi ya kufundisha, naye akalitamka mbele ya wanafunzi. Mimi sikulijua neno lenyewe. Niliusikia ukali wa sauti, nikahukumu kuwa ni tusi la Kizungu.

Siku ya nne mkufunzi wetu wa Kiingereza, Mskoti, aliniwekea mezani kitabu cha katuni cha Oor Wullie, akaondoka bila kusema lolote.

Wullie ni mtoto mtundu, nywele zimemsimama, aketiye juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alianza kutokea katika gazeti la Sunday Post mwaka 1936, akichorwa na Dudley Watkins mpaka mchoraji huyo alipofariki mwaka 1969. Akianguka, au akikamatwa na polisi, hupiga ukelele: "Jings! Crivens! Help ma boab!" Hudhaniwa kuwa ndani ya "crivens" limefichwa jina la Kristo, likakunjwa hata lisikwaze sikio la mcha Mungu. Nasi tunayo "Masalale!", wala sijamwadhibu mtu kwa hilo.

Nimekisoma tena kitabu hicho uzeeni. Uzuri wake ni kwamba maneno hayo hayamlengi mtu. Tusi hutafuta wa kumwangukia. "Jings" huishia hewani, na mtoto aliyeumia amekwisha kupumua. Watkins alilijua hilo: tazama mdomo wa Wullie ulivyo wazi, utausikia mlio kabla hujasoma maandishi.

Hata hivyo nina lawama. Wullie ni mtoto wa mtaani, na mtoto wa mtaani popote duniani anayajua makali zaidi ya hayo. Usafi ule ni wa mhariri, aliyejua gazeti lake husomwa Jumapili na familia nzima, bibi akiwamo. Tena vilio vilevile vikirudiwa wiki baada ya wiki, maumivu hayasikiki tena. Msomaji huvingoja kama kiitikio cha wimbo.

Jioni ile nilimwita yule mwanachuo nikamwambia adhabu yake nimeifuta. Alisimama wima, mikono nyuma.

"Ahsante, Mkuu," alisema. "Ila nilimaliza jana."