Sifa za Mrushaji

Katika soka tuliyoizoea, mchezaji akishatolewa ndiyo basi: anavaa jaketi, anakaa benchi, mechi imemwishia hapo. Futiboli ya Marekani haina kifungo hicho. Tangu mwaka 1950, ligi ya NFL ilipoondoa kabisa kikomo cha mabadiliko, kila mpira unaposimama wachezaji huingia na kutoka, hata wote 11 kwa mpigo, na aliyetoka sasa hivi anaweza kurudi muda mfupi baadaye. Zamani watu wale wale walishambulia na kulinda. Chuck Bednarik wa Philadelphia Eagles alipocheza pande zote mbili katika fainali ya 1960, alikuwa wa mwisho mwisho wa kizazi hicho, na jina lake linatajwa kwa heshima hadi leo.

Wapo wanaoulilia wakati huo, wakisema mchezaji wa leo ni kipande tu cha mchezaji. Sikubaliani nao. Mtu anapopewa kazi moja na kuachiwa maisha mazima ya kuisugua, kazi hiyo hufikia kina ambacho mtu wa kila kazi hakifikii. Ushahidi wangu ni mrushaji, yule anayeingia pale tu mpira unapotakiwa kupigwa kwa mguu, ili aurushe nyuma kwa mpigaji.

Akiingia, wenzake wanaopisha wanatoka mbio. Akibaki hata mmoja, timu ina watu 12, nayo inarudishwa yadi 5. Anainama juu ya mpira, anachungulia katikati ya miguu yake, ulimwengu ukiwa kichwa chini. Mpigaji wa mbali anasubiri kama yadi 15 nyuma, na mpira unapaswa kumfikia ndani ya robo tatu hivi za sekunde, ukizunguka sawasawa, usawa wa nyonga. Kwa mkwaju wa kulenga goli, umbali ni nusu ya huo, lakini hapo ndipo ufundi unapozidi. Mrushaji bingwa anajua mpira wake utajizungusha mara ngapi angani, ili utue mikononi mwa mwenzake aliyepiga goti huku kamba za mshono zikielekea golini na mguu ukutane na ngozi laini. Tangu mpira uondoke chini hadi upigwe, ni kama sekunde 1.3. Akiurefusha au kuufupisha mkono kidogo tu, hesabu yote inaharibika. Na mpira ukishamtoka, kazi haijaisha: anainua kichwa papo hapo azuie wanaomvamia, na kwa mipira ya mbali atimue mbio kumkaba anayeudaka. Kanuni zenyewe zinamhurumia, maana hakuna mlinzi anayeruhusiwa kujipanga ana kwa ana naye akiwa ameinama.

Kazi hii ikienda vizuri hakuna anayeiona. Januari 2003, New York Giants walikwenda San Francisco na mrushaji Trey Junkin, waliyemtoa kwenye kustaafu siku chache tu kabla ya mechi. Waliongoza 38–14, kisha wakapitwa na wenyeji. Katika mkwaju wa mwisho mpira wake ulikwenda chini, haukupigwa, wakafungwa 39–38. Alikuwa amecheza misimu 19 katika ligi ile. Ninaona ni dhuluma kwamba wengi wanaukumbuka mpira ule mmoja na kuisahau maelfu iliyofika palipotakiwa.

Ndiyo maana jina la Patrick Mannelly linanifurahisha. Aliirushia Chicago Bears mipira kwa misimu 16, kuanzia 1998. Alipoondoka alikuwa na mechi 245, nyingi kuliko za mchezaji yeyote wa klabu hiyo iliyowahi kuwa na Walter Payton na Dick Butkus. Tangu 2019 kuna tuzo yenye jina lake kwa mrushaji bora wa vyuo vikuu, na vijana wanaishindania.