Miaka Minane ya Jonah Lomu
Winga wa raga aliyetisha kama Jonah Lomu sijamwona. Aliingia timu ya taifa ya New Zealand mwaka 1994, akiwa na miaka 19 tu. Mwaka uliofuata, kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia mjini Cape Town, aliifunga England trai nne; moja aliipata kwa kumpitia beki wao Mike Catt juu kwa juu. (Afrika Kusini, lazima tuseme, hakuwahi kuifunga trai hata moja.) Mechi 63, trai 37, na kufikia 2002 safari ya kimataifa ikaisha.

Wengi husifu mbio na kilo zake. Mimi nampongezea mwaka 1999: figo zake zilishajulikana kuwa mbovu, naye akafunga trai nane katika Kombe la Dunia.