Kuongeza Sauti au Kuikuza? Uhakiki wa Istilahi za Vichezeshi vya Muziki na Video

Katika tafsiri za Kiswahili za programu za kompyuta zinazochezesha muziki na video, hakuna neno linalobebeshwa mzigo mzito kuliko neno sauti. Katika orodha moja ya amri tuliyoipitia, neno hilo limetumika kwa maana nne: kitu kinachosikika, mkondo uliomo ndani ya faili, kiwango cha kusikika kwake, na kitendo cha kukikuza kiwango hicho kupita kilivyorekodiwa. Maana tatu za kwanza zaweza kuvumiliwa, kwani muktadha huzitenganisha. Ya nne haivumiliki. Inamficha mtumiaji jambo linaloweza kumharibia spika na, lililo baya zaidi, masikio.

Chanzo cha mkanganyiko ni dhahiri. Neno la Kiingereza volyumu humfikia mfasiri likiwa peke yake, katika safu ya maneno yasiyo na sentensi. Kwa mkutubi ni juzuu. Kwa mwalimu wa hisabati ni ujazo. Kwa mfanyabiashara ni wingi. Mfasiri aliyeikwepa mitego hiyo mitatu hukimbilia sauti, akadhani amefika salama. Neno geini nalo tumelikuta limefasiriwa faida, kana kwamba kompyuta imefungua duka.

Hapana budi tukitazame kitu chenyewe kwanza, kwani istilahi isiyotanguliwa na ujuzi wa kitu ni kubahatisha. Tuchukue VLC, programu iliyotokana na mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris ulioanza mwaka 1996. Kidhibiti chake cha sauti hakiishii 100. Kwa kawaida hufika asilimia 125, na matoleo ya zamani yaliruhusu 200. Msomaji atauliza: asilimia 125 ya nini? Swali ni la haki, na neno sauti halimjibu. Katika 100, programu hupitisha wimbi kama lilivyo ndani ya faili. Chini ya hapo hulipunguza. Juu ya hapo haifungulii chochote kilichokuwa kimezibwa, bali huzidisha namba.

Kuzidisha huko kuna mpaka. Sauti iliyorekodiwa kwa biti 16 huandikwa kwa namba zisizozidi 32,767 upande wa juu. Namba 10,000 ikizidishwa mara mbili huwa 20,000, na hapana neno. Lakini 20,000 ikizidishwa mara mbili yapasa iwe 40,000, namba isiyo na mahali pa kukaa. Hapo kilele cha wimbi hukatwa kikawa bapa, na msikilizaji husikia mkwaruzo. Wimbi lililokatwa hivyo hubeba pia wastani mkubwa zaidi wa nguvu, na koili ya spika ndogo yaweza kuungua kwa joto. Ndiyo maana rekodi hafifu ya mhadhara hukuzwa bila madhara, ilhali wimbo uliokwisha kujazwa hadi ukingoni huharibika mara moja.

Kwa hiyo tuna vitendo viwili, na Kiswahili kina maneno mawili tayari. Watu husema fungulia redio, ongeza sauti, punguza sauti. Haya yatoshe kwa mwendo wa kuanzia 0 hadi 100, na kipimo chenyewe kiitwe kiwango cha sauti. Kuanzia hapo kitendo ni kukuza, na nomino yake ni ukuzaji. Kupaza hatukupendekezi. Mtu hupaza sauti yake mwenyewe; na kipaza sauti kimekwisha kutuchosha kwa kutumika mdomoni mwa msemaji na kwenye nguzo ya uwanja pia.

Kuhusu huko kukatwa kwa vilele, wako wanaotaka tuchukue neno la mitaani na kusema sauti inapasuka. Neno ni zuri na lina uhai. Hata hivyo spika nayo hupasuka, na hiyo ni hasara ya fedha, ambapo wimbi lililokatwa na programu huponywa kwa kurudisha kidhibiti chini. Istilahi inayochanganya kosa linalorekebishika na uharibifu wa kudumu haimfai fundi wala mteja wake. Twashika ukataji wa vilele, na mkwaruzo kwa kile kinachosikika.

Desibeli ibaki desibeli, ila ifafanuliwe. Mfasiri akiandika kwamba ongezeko ni desibeli 6 tu, lile tu ni kosa lake mwenyewe. Kuzidisha kimo cha wimbi mara mbili ndiko desibeli 6, yaani nguvu mara nne. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, katika kiwango walichokitoa mwaka 2018, waliweka kwa mtu mzima desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, na muda huo hupungua kwa nusu kila desibeli 3 zinapoongezeka. Basi anayesikiliza kwa desibeli 80, akaongeza 6, amebakiwa na saa 10.

Onyo tulilolikuta katika orodha ile lasema: Sauti kubwa ni mbaya. Kama ni mbaya kwa spika, kwa jirani au kwa sikio, halisemi. Tungeandika: Umekuza sauti kupita ilivyorekodiwa. Ikikwaruza, punguza. Kabla ya kufungua faili nyingine kwa spika za masikioni, rudisha 100. Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito, kwani programu hubaki pale ilipoachwa, na faili inayofuata huenda isiwe hafifu.

Limebaki kikandamizaji, kile chombo kinachoshusha vilele ili sehemu hafifu zipandishwe bila kukatwa chochote. Ni njia salama kuliko ukuzaji mtupu, lakini neno hilo hilo limekwisha kutumika kwa kubana faili. Msomaji aliye na neno bora alilete kwa mhariri, pamoja na sentensi mbili za kulitumia.